Sikio la Kushoto la Josée

Josée aliamini vitu viwili bila kutetereka: kwamba yeye ni mzuri kuliko pacha wake Rosine, na kwamba hakuna mtu Kisangani nzima anayeweza kuwatofautisha. Namna gani vitu hivyo viwili vinakaa pamoja katika kichwa kimoja, hiyo ni kazi ya kichwa chake. Sisi tuendelee.

Walizaliwa Isangi, wakakulia Mangobo, na tangu shule ya msingi walikuwa wanaazimana sura. Rosine alimfanyia Josée mtihani wa kemia. Josée alienda kwa padri kuungama dhambi za Rosine, na akaongeza mbili tatu za kutunga mwenyewe, kwa sababu zile za dada yake aliziona za kitoto, zinatia aibu. Aliyekuwa hadanganyiki ni mama yao peke yake, Mama Philomène, na yeye alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa mama yake na mama wa mama yake: kinachopewa pacha mmoja, mwenzake anapewa hicho hicho, siku ileile. Viatu, kofi, dawa ya minyoo hata kama tumbo linalouma ni moja. Ukimnyima mmoja, roho yake itanuna, na pacha aliyenuna anaanza kukonda, unaenda kulala hospitali na yeye. Josée hakuamini sana habari za kukonda. Lakini sheria aliipenda, maana mara nyingi Rosine ndiye aliyeanza kupata.

Sasa, Hubert. Hubert alikuwa couturier, fundi wa mavazi wa Makiso, mwenye cherehani moja na maneno ya mtu mwenye cherehani ishirini. Alikuwa ameona picha ya zamani, bibi mmoja wa mtoni mwenye sahani za mti ndani ya masikio, shingo juu kama hadaiwi na mtu, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Akatengeneza robe mbili, yaani magauni, za kufunga défilé, maonyesho ya mavazi ya mwisho wa mwezi wa sita: nyeusi, zenye nyuzi za rangi ya shaba, zinashuka mpaka chini. Alitaka mapacha wazivae, watembee bega kwa bega, mtu na kioo chake. Na masikioni sahani za mti. Si za kuning'inia. Mti ndani ya nyama.

"Kama munaogopa, semeni," Hubert aliwaambia. "Nitatafuta bengine."

"Batu ba kufanana kama sisi utabatoa wapi?" Josée alimjibu. "We chonga sahani zako. Masikio tutaleta."

Na kabla hata hajajua namna gani masikio yanaletwa, alikuwa ameshatangazia barabara yote ya cabine yake, pale anapouza unités, vocha za simu, na kutuma pesa za watu. Ile robe aliitaka mpaka akawa anaiota. Ukimkuta ananyamaza, jua anaivaa kichwani.

Kwa masikio walienda kwa Benie. Benie alikuwa anasuka nywele na kutoboa masikio karibu na soko kubwa, na yeye mwenyewe alikuwa na ndewe ambazo ungepitisha kidole gumba na kidole kisiguse pembeni. Alikuwa na kibao chenye matundu mstari mrefu, la kwanza jembamba kama ujiti wa ufagio, la mwisho nene kama shingo ya chupa, na katika kila tundu vijiti viwili vya mti vimelala pamoja kama bwana na bibi.

"Musikie muzuri, juu sirudilii," alisema. "Tunapanda tundu moja moja, hakuna kuruka. Kila jioni maji ya chumvi, ya vuguvugu, kisha unakausha. Kijiti unachemusha. Mafuta ya nazi kidogo, si ya mawese, mawese itakupaka rangi kama kuku ya sikukuu. Ukisukuma na ikauma, unatoa. Haukazi meno, hausali, unatoa. Juu nyama ikipasuka ndani itapona na kovu, na kovu haivutiki tena, hata uiimbie."

"Na sikio moja ikichelewa?" Rosine aliuliza.

"Ingine inaingojea. Vile zote zinatoka sawa."

"Sisi tuko mapacha. Mama hatakubali mumoja atangulie."

Benie aliwaangalia wote wawili, yaani aliangalia pembeni za vichwa vyao. "Alors masikio ine zinangojeana. Ile ya mwisho njo chef."

Akawatoboa, akawatia vijiti vya kwanza. Ya mwisho kupona ikawa ya Josée, ya kushoto. Na sababu aliijua vizuri, ila hakuona haja ya kumsumbua Benie nayo. Pale cabine, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, alikuwa anabana simu kati ya bega na sikio la kushoto ili mikono ibaki huru kuhesabu noti za watu. Sikio lilikuwa linasagwa kama pilipili kwenye jiwe. La kulia lilikuwa linapona kama mtoto mwenye adabu. La kushoto lilikuwa jekundu, lina joto, linanuna. Rosine, yeye, aliuza pagne, vitenge, na kutumia mdomo tu, na masikio yake mawili yalikuwa laini kama lituma, zile ndizi za kupondwa.

Benie akawaangalia mara ya kwanza, akasema ngojeni. Wakangoja. Akawaangalia tena, akasema ngojeni. Rosine akaanza kuvuta pumzi kwa pua, ile ya mtu anayelipia kosa la mwenzake. Ndipo Hubert akatuma ujumbe: sahani ziko tayari, za mti wa kambala, nzuri mpaka basi, na ninyi mmefika wapi?

"Tumefika," Josée alimwandikia. Kisha akamgeukia dada yake. "Utaenda kwa Benie mara mbili."

Rosine hakuuliza maana. Walikuwa wameshirikiana maisha yote, hakukuwa na haja ya kufafanua. "Kama akijua?"

"Atajuaje? Asubuyi unaenda na ile t-shirt yako. Nyuma ya midi unavaa wigi yangu na pagne yangu, unaingia na kelele kidogo. Mimi naingiaga na kelele."

"Hiyo minajua."

"Anaangalia sikio, anaona imepona, anatoa kijiti ya kufuata. Mimi nitaivaa hapa hapa nyumbani. Ni nyama yangu, nitasikilizana nayo."

Rosine akaenda. Akarudi. Akavaa wigi, akaenda tena. Josée akamngojea nyumbani, anakula karanga, moyo umetulia kabisa. Rosine aliporudi mara ya pili alikuwa na vifurushi viwili vya karatasi na uso wa mtu aliyefaulu mtihani wa mtu mwingine.

"Alisema nini?"

"Alisema sikio ya Josée ya kushoto imepona muzuri sana. Anashangaa."

"Anashangaa namna gani?"

"Kwa kinywa. Unataka ashangae na nini tena?" Rosine alifungua vifurushi. Vijiti vyake vilikuwa vya mti mweupe, kama kawaida. Vya Josée vilikuwa vyeusi, vinang'aa. "Hizi anasema ni mbao ingine, ya wewe tu."

Josée akaona ni haki. Akanawa mikono, akapaka mafuta ya nazi, akasukuma. Kulia kikapita. Kushoto kikapita. Hakuna moto, hakuna machozi, kikateleza tu kama mtu anayeingia kwake. Akajitazama katika kioo, wakatabasamu wote wawili, yeye na yule wa kiooni.

Siku zilizofuata hakuna aliyemuweza. Cabine ilijaa hadithi ya nyama yake. Nyama yangu ni ya mpira, aliwaambia wateja, ya Rosine ni ya kawaida. Wekundu ukaondoka, joto likaondoka, na yeye akaanza kufikiria labda hata Benie ana woga mwingi kwa mtu mwenye ndewe kubwa vile.

Kisha, asubuhi moja, Rosine alikuwa ana haraka. Vijiti vyote vilikuwa vimechemka katika sufuria moja ndogo, mvuke mwingi, na yeye akachukua vyeusi badala ya vyeupe, akavitumbukiza masikioni bila kuangalia, akainama juu ya chungu aonje pondu, mboga ya majani ya muhogo.

Kijiti kikaanguka ndani.

Mama Philomène alikiopoa na kijiko kikubwa, akakiangalia, akakifuta majani. "Mbao iko inafanya nini mu pondu yangu?"

Rosine aligusa sikio. Cha upande mwingine nacho kikaanguka, hicho kikaenda chini ya kiti. Mama akavichukua vyote, vyeusi na vyeupe, akavisimamisha juu ya meza kimoja karibu na kingine. Hata kipofu angeona. Vyeupe vilikuwa vinene. Vyeusi vilikuwa vyembamba, vyembamba sawasawa na vile ambavyo Josée alikuwa anavaa tangu mwanzo.

Josée akaviangalia. Nyama ya mpira, hadithi za cabine, vyote vikamrudia kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kinacheka.

"Juu ya nini ya Rosine iko mukubwa?" mama aliuliza.

Mapacha wakaangaliana.

"Bon. Minaenda soko. Nikirudi, masikio ine zikuwe sawa. Sitaki ugonjwa mu nyumba yangu." Akachukua kikapu, akatoka.

Sasa Josée alikuwa na aibu, hasira na muda mfupi, na mtu mwenye vitu hivyo vitatu hamtafuti Benie. Alichukua vijiti vyeupe vya Rosine. Mafuta ya nazi yalikuwa yameisha, akachota ya mawese katika chupa ya jikoni. Sikio la kulia lilikubali, kwa kunung'unika kidogo. Akahamia kushoto. Ncha ikaingia. Katikati ikakataa.

"Toa," Rosine alisema.

"Nyamaza."

"Josée, inakuwa nyeupe. Toa."

Akasukuma tena. Moto ukampiga kutoka sikioni mpaka kwenye jino, na ndewe ikawa ngumu, imepauka, na kwa nyuma nyama ikaanza kujikunja nje kama mdomo mdogo unaotaka kusema kitu. Tone la damu likateremka kwenye mafuta mekundu, huwezi kujua lipi ni lipi. Josée aliangalia kioo. Nyuma yake Rosine alikuwa amesimama, sura ileile, nywele zilezile, masikio mazima. Na maisha yake yote Josée alikuwa akikwama anamtuma yule pale, aende yeye, afanye yeye. Sasa alimtazama katika kioo na akaelewa kwamba kwa jambo hili Rosine hawezi kwenda. Sikio hili lina mtu mmoja tu.

Akakitoa.

Walichukua toleka mbili, kila mmoja baiskeli yake, Josée amebana kitambaa safi kwenye sikio na kumwambia dereva akwepe mashimo, na dereva akamwambia akitaka kukwepa mashimo ya Kisangani apande ndege.

Benie alikuwa anasuka mtu. Alimaliza msuko aliokuwa nao mkononi, akanawa, akaja.

"Karibu, Josée. Ya leo ni Josée mwenyewe?"

Josée akakaza kitambaa kwenye sikio.

"Kaa." Benie akaondoa kitambaa, akageuza kichwa chake kwenye mwanga, akaangalia mbele, akaangalia nyuma. "Asubuyi anaingia mutu na tundu mbili. Nyuma ya midi anaingia mutu mwingine na tundu zile zile mbili, na harufu ya mafuta yangu bado iko juu, mafuta nilimupaka mimi. Mulifikiri minaangalia sura? Sura zenu, hata leo sijue muko namna gani."

"Kumbe ulinidanganya," Josée alisema, na ndani ya sauti yake mlikuwa na uchungu wa kweli, uchungu wa mwizi aliyeibiwa.

"Nani alianza? Nilikupa kipimo ile ile, nikabadilisha rangi. Vile ungetulia, na sikio itulie. Na ilitulia. Juma hii nilitaka nikuite, nikupe ya kufuata." Akaminya pembeni ya ndewe, taratibu. "Haikupasuka. Umeichubua tu. Ungesukuma mara moja tena, tungezungumuza ingine. Donc tunarudi chini tundu moja ku kushoto, maji ya chumvi, na haupandi tena kabla ya défilé."

"Na défilé nitafanya nini?"

"Utauliza Hubert. Mimi niko wa masikio."

Rosine alikuwa ameshampigia Hubert simu. Hubert akafika anatoka jasho, sahani nne zimefungwa katika kitambaa cha robe ileile nyeusi, akasikia habari, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Bon," alisema mwishoni. "Rosine ataenda peke yake."

Josée akamgeukia dada yake. Rosine alikuwa anaangalia kucha zake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na ile nafasi tupu ilimuuma Josée kuliko kijiti.

"Lete nione hizo sahani," akasema.

Hubert akampa. Zilikuwa nzito, zimechongwa kama gogo dogo lililokatwa, nene sawasawa kutoka mbele mpaka nyuma. Josée akaigeuza moja mkononi, akaigeuza tena. Alikuwa na akili ya aina moja tu, lakini ile aina alikuwa nayo tele.

"Hubert. Siku ya défilé, batu batakaa wapi?"

"Mu viti. Wapi tena?"

"Mbele yetu, ao nyuma ya masikio yetu?"

"Mbele na pembeni. We unataka nini?"

"Nani atakaa nyuma ya sikio yangu na tochi?" Akaisimamisha sahani juu ya kiganja. "Hii uso wake, batu banaona. Hii shingo yake, inaingia mu nyama, hakuna mutu anaiona. Juu ya nini shingo iwe nene kama uso? Chonga uso mukubwa, shingo kadogo. Kama kifuniko ya chupa imefungwa ku kidole. Ya Rosine, shingo yake. Yangu, shingo yangu. Nyuso zote ine sawa."

Hubert akaangalia sahani zake za kambala kama mtu anayeaga.

"Tumepoteza siku zote hizi tunadanganya Benie," Josée aliendelea, sauti imeshapanda, imerudi ile ya cabine. "Tungeanza na batu ba viti. Bale ni bengi na hawajue masikio."

Benie akasogea. Alichukua sahani, akaipima uzito kwa kuirusharusha kidogo. "Inawezekana. Lakini si kambala. Uso mupana na mbao nzito itavuta ndewe chini, na ile imechubuka haitaki kuvutwa. Muchonge mbao ya parasolier, nyepesi, uso mwembamba kama sahani ya chai. Shingo isuguliwe mpaka iteleze, na nyuma kapete ka mupira ka kuishika. Na ya kushoto ya Josée nitaiangalia mimi mbele ya yote. Nikikataa, nimekataa. Nikikubali, ni kwa ile saa ya kutembea tu, kisha anatoa."

"Utakubali," Josée alisema.

"Maji ya chumvi njo itasema."

Na Josée akaweka chumvi. Akahamisha simu upande wa kulia, na alipochoka akawaambia wateja wasubiri, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia pale cabine. Hakusukuma, hakujaribu, hakuonja. Benie alipokuja kuangalia, siku chache kabla ya défilé, aligeuza kichwa chake mara mbili, akabonyeza, akanusa, akasema, "Ni yako?" Josée akasema ni yangu. "Basi iko muzuri."

Hubert akaleta sahani mpya nyumbani, Mangobo, jioni kukiwa bado na jua. Mapacha wakavaa robe, wakavaa sahani, wakasimama uani bega kwa bega. Nyuso nne za mti mweupe, duara moja, ukubwa mmoja. Hubert akarudi nyuma mpaka ukutani, akaweka mkono mdomoni, kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno.

Mama Philomène alikuwa na maneno. Alifuta mikono, akawaangalia kwa mbele. Kisha, wakati Josée anaanza kupumua, akazunguka kwa nyuma.

 Walimsikia anapumua. Akagusa shingo ya sahani ya Rosine, akagusa ya Josée.

"Hii haiko sawa," alisema.

"Mbele iko sawa, mama," Josée alisema.

"Sikuzaa mbele peke yake."

Hubert akakaa chini. Rosine akamtazama Josée kwa pembe ya jicho, bila kugeuza shingo, kwa ajili ya sahani.

"Mama," Josée alisema, "sikio yangu ilitaka kidogo, nikaipa kidogo. Ingekamata ya Rosine, ingepasuka. Ungefanya nini basi? Ungepasua na ya Rosine, zifanane?"

Mama Philomène akaachia sahani. Alirudi mbele, akawaangalia tena, mmoja, mwingine. Kisha akaingia jikoni, wakasikia mfuniko wa sufuria unafunguliwa. Akatoka na sahani ya lituma, na juu yake kichwa kizima cha samaki mboto, kikubwa, kinatoa mvuke.

"Rosine alipata zaidi," alisema. "Donc hii ni ya Josée. Vile hesabu imeisha."

"Mama, kichwa nilikuomba mimi," Rosine alisema. "Tangu asubuyi."

"We una tundu."

Hubert aliuliza, kwa sauti ndogo, kama sasa wanaendelea na défilé. Mama Philomène akamwambia robe hiyo iko fupi kwa nyuma, aishushe, na kama anataka kula aseme, asikae tu pale chini kama mgonjwa.

Josée alijifunika kitambaa kifuani asimwagie robe mchuzi. Akaking'ata kichwa cha mboto upande wa shavu, pale penye nyama, akatafuna sana, taya linapanda na kushuka, na sahani ya kushoto inapanda na kushuka na taya. Akasikiliza. Sikio halikusema kitu. Akatafuna zaidi, kwa upande huo huo, kwa makusudi, huku anamuangalia Rosine.